Mwana wa Mhunzi Alipokuja Izki

Chuma cha moto kikitumbukizwa majini hutoa harufu kama ya yai lililoungua. Wengine huziba pua. Mimi nikiisikia tu nina miaka minane tena, niko Izki, Omani, na bibi ananigombeza nilete makuti upesi.

Makuti yalikuwa ya kufichia kibanda cha babu. Babu alikuwa mhunzi, kazi aliyokuja nayo kutoka Unguja. Miundu ya nusu ya mji, ya kukatia mitende, ilitoka mikononi mwake, na nusu hiyohiyo ilituweka karibu na mlango kwenye harusi zao. Kwetu mundu wa mhunzi hununuliwa. Binti yake haposwi. Sasa Ijumaa watu wa kabila kubwa, kutoka Sur, walikuwa wanakuja kumposa shangazi Zuwena, na bibi akapitisha amri: fuawe la kugongea chuma lifunikwe, mivukuto ya kupulizia moto chini ya kitanda, na tukiulizwa, babu ni mfanyabiashara. Babu akatii. Siku nne hakugonga chochote ila meza, kwa vidole.

Alhamisi baba akaja na bosi wake, injinia wa barabara kutoka Polandi. Gahawa haijamiminwa, bibi keshauliza.

"Muulize, kabila lake nani?"

Mgeni akasema kabila hana, ana jina, Kowalczyk. Baba akafasiri huku akiangalia zulia: maana yake mwana wa mhunzi.

Bibi akaweka dele la gahawa chini. "Maskini. Na anajitangaza?"

Mgeni akaeleza kwamba zamani kila kijiji kwao kilikuwa na mhunzi wake, majirani wakamwita kwa kazi yake, na jina likawaganda wajukuu. Darasani kwake walikuwa watatu, wala si ndugu. Hata daktari wao anaitwa hivyo, na nyundo hajui inashikwa wapi.

"Muulize," bibi akasema polepole, "watu huwapa binti zao?"

"Mama, ana mke na watoto wanne."

"Sikuuliza ana nini. Huwapa?"

"Huwapa, mama."

Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa na tende. Babu hakucheka. Alitoka, akafunua makuti, akawasha moto. Mgeni naye akajaribu nyundo, akakosa chuma mara mbili. Nikasema huyu mwana wa mhunzi kweli, ila yule asiyesikia la baba yake.

Ijumaa udi wa bibi haukuishinda ile harufu. Mama wa kijana akavuta pumzi, akauliza mzee anafanya biashara gani. Bibi akaongeza udi kwenye chetezo. Shangazi, sinia la halwa mkononi, akamjibu:

"Baba yangu mhunzi, khalti. Karibu halwa."

Walikula, wakashukuru, hawakurudi.

Nilimnunia shangazi wiki nzima, maana nilishawaahidi wenzangu pilau ya harusi. Nilidhani amepayuka, kama ninavyopayuka mimi. Mwaka jana, tukitafuta cheti changu cha kuzaliwa kabatini mwake, nikaona ile nguo ya kijani aliyovaa siku ile, imekunjwa vizuri, haijavaliwa tena. Nikamuuliza kama alimpenda yule kijana.

"Sana," akasema, akaendelea kutafuta cheti.