Siku Spika ya Hospitali Ilipomwita Marehemu Mke Wangu

"Somoe Hamudi, chumba namba mbili."

Spika ilisema hivyo mchana kweupe, ukumbi umejaa watu.

Sasa sikiliza. Somoe Hamudi ni mke wangu. Nilimzika kwa mikono yangu masika yaliyopita, pembeni ya mikorosho yetu kule Chilangala.

Nikaganda kwenye benchi kama gogo.

"Somoe Hamudi! Chumba namba mbili!"

Bibi Mabel, jirani yangu aliyenisindikiza, akanifinya mkono mpaka nikasikia kucha.

"Baba Faidha, usiitike! Ukiitika tu, umekwenda naye."

Huku kwetu uwandani hilo halina mjadala. Jina la maiti likiitwa, unafunga mdomo na unaondoka.

Tukatoka nduki. Na wote waliomjua Somoe nyuma yetu. Mzee mmoja wa magongo aliyaacha magongo ndani, akatupita getini.

Cheka. Ila mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wote.

Somoe alifia hospitali hiyohiyo. Jina la hospitali silitaji, bado nina mtoto wa kutibiwa. Alikuja asubuhi, presha imepanda, wakamwingiza kwenye kompyuta, wakamwambia kaa usubiri kuitwa. Wakubwa wako kikaoni. Kikao chenye posho, hicho hakivunjwi hata nyumba iungue. Mke wangu akasubiri jina lake, akasubiri, akaniegemea begani kama anasinzia.

Hakuamka.

Leo ndiyo wanamwita!

Na wodini nilikuwa nimemlaza binti yetu, Faidha. Alijikata mguu kwa jembe tukitayarisha shamba, kidonda kikaoza, homa ikampanda hadi hanitambui. Tangu alfajiri alikuwa akimwita mama yake.

Mtoto anamwita mama, spika nayo inamwita mama. Nikajua basi, Somoe kaja kumchukua.

Tuko nje tunatetemeka, akatoka Cuthbert, fundi wa kompyuta wa pale, mtu wa Masasi, mnene, jasho linamtiririka.

"Jamani rudini! Hakuna mzimu hapa!"

"Tangulia wewe ukaitike," Bibi Mabel akamjibu. "Tutakuzika vizuri, usiwe na wasiwasi."

"Bibi, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Haya, tueleze, na usitupige Kiingereza."

Cuthbert akafuta jasho. Juzi radi ilipiga, akasema, kumbukumbu za wagonjwa zikavurugika zote. Ikabidi aurudishe mfumo kwenye snapshoti.

"Ndiyo mdudu gani huyo?" nikamuuliza. Mimi shule niliishia darasa la nne.

"Baba, unakijua kirukia?"

"Kile kinachoota juu ya mkorosho? Sana."

"Mkorosho ukifa?"

"Nacho kwaheri."

"Basi snapshoti iko hivyo. Inashika hali ya mfumo ilivyokuwa saa fulani, lakini inaishi juu ya diski ileile. Bahati diski haikufa. Sasa snapshoti iliyobaki ni moja, ya asubuhi moja ya mwezi wa nne, foleni ikiwa imejaa. Nyingine niliamriwa nizifute, wakasema diski mpya ni gharama. Kwa hiyo kompyuta inaamini leo ni asubuhi ile, na inawaita waliokuwa kwenye foleni."

Watu wakashusha pumzi. Wengine wakaanza kucheka.

Mimi sikucheka.

"Cuthbert. Na yaliyoandikwa baada ya mwezi wa nne?"

"Hayapo, baba."

"Hayapo kabisa?"

"Kwenye mfumo huu, hayapo."

Nnungu wangu, Mungu wangu!

Mwezi wa saba Faidha alichomwa sindano hapohapo, ya jipu. Kabla sijamfunika shuka uso ulivimba, koo likaziba, wakamrudisha duniani kwa oksijeni. Wakaandika kwenye kompyuta onyo jekundu, dawa ile asichomwe tena maishani. Nikaomba waniandikie kwenye karatasi. Wakaniambia mzee, mambo ya karatasi yamepitwa na wakati, mfumo unakumbuka.

Mfumo unakumbuka!

Nilikimbia kurudi ndani kuliko nilivyomkimbia mzimu. Pale ukumbini spika ilikuwa bado inamwita Somoe, nikapita chini yake bila kutazama juu.

Nesi Esha alikuwa amemgeuza Faidha ubavu, pamba imeshapita, sindano iko mkononi.

Nikaudaka mkono wake.

"Baba una wazimu? Niachie!"

"Usimchome! Itamuua!"

"Faili lake nimelisoma mwenyewe. Ni safi."

"Ni safi kwa sababu ni la mwezi wa nne!"

Akanitazama. Akaishusha sindano polepole. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanitoa jasho.

"Ni dawa gani iliyomdhuru?"

Sikujua.

Nilijua ilikuwa nyeupe. Akanionyesha vichupa viwili, vyote unga mweupe. "Kimoja cha kumponya, kimoja huenda kikamuua. Ni kipi, baba?" Faidha anahema kama mbwa aliyekimbizwa, mguu unanuka, na mimi nimesimama katikati ya vichupa viwili, baba mzima.

Cuthbert alikuwa amefika mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini, kama mwizi, "Kuna kloni."

"Kirukia kingine?"

"Hapana. Kloni ni pingili ya muhogo. Unaikata, unaipanda shamba lingine, inajiotea yenyewe. Nguruwe wakimaliza shamba la kwanza, la pili halina habari. Niliitengeneza kabla ya radi, nakala kamili, kwenye diski yake peke yake. Ya mwezi wa saba yamo."

"Iko wapi sasa?"

"Ofisini kwa mkubwa. Imefungwa utepe. Inamsubiri mgeni rasmi aje kuizindua. Nimekatazwa kuigusa."

Haki ya Mungu nilidhani sijasikia vizuri.

Tukaenda. Mkubwa alikuwa amekaa nyuma ya meza, boksi la kloni liko kabatini, limevalishwa utepe kama biarusi.

"Haiwezekani," akasema. "Ratiba imeshatoka. Wageni wamealikwa."

"Mkubwa, mke wangu alifia kwenye benchi lako akikusubiri utoke kikaoni. Huyu binti naye asubiri utepe?"

Nyuma yangu Bibi Mabel alikuwa amesimama na nusu ya ukumbi, pamoja na yule mzee, magongo yake ameyapata.

Mkubwa akakohoa. Akasogeza funguo mezani.

"Fungueni kwa chini," akasema. "Utepe usikatike."

Cuthbert akalipasua boksi matakoni, akatoa diski, akaenda kuichomeka. Kwenye skrini duara la kusubiri likazunguka. Mimi nimerudi wodini, nimemshika Faidha mkono, unachoma kama kikaango, kila pumzi yake naihesabu kuwa ya mwisho.

Kisha Esha akaita kutoka kwenye mashine, "Nimelipata onyo! Lipo jekundu!"

Akarudi na vichupa vyake viwili. Kile alichokuwa ameshakivuta kwenye sindano akakitupa kwenye ndoo ya taka.

Nikakaa sakafuni.

Faidha akapewa dawa ya pili. Homa ikashuka kidogokidogo, mpaka akaomba uji na kulalamika kuwa hauna sukari. Ndipo nikajua ni yeye.

Na uzinduzi ulifanyika kama ratiba ilivyosema. Mgeni rasmi kutoka mjini alikata utepe, akasifu maono ya uongozi, kamera zikapiga picha boksi. Lilikuwa tupu. Cuthbert alitazama viatu vyake. Mkubwa alipiga makofi kuliko wote.

Nikapiga na mimi. Faidha alikuwa amekaa kando yangu, mguu umefungwa bandeji, ananong'ona, "Baba, mbona unalia?"

Ndugu msomaji, ukiambiwa mambo yako yametunzwa, uliza yametunzwa wapi, na kama pale pakiungua kuna pengine. Halafu jina la dawa inayomdhuru mwanao lijue kwa kichwa, mfundishe na jirani. Faidha wangu, dawa inayomdhuru ni penisilini. Bibi Mabel anaijua, shangazi yake wa Nanganga anaijua, na sasa unaijua na wewe.

Wakubwa waachie utepe wao.