Bahari Niliyoisimulia

Nilimdanganya mke wangu kuhusu bahari kwa miaka kumi na minne. Ulipofika mwaka wa corona akaniambia twende wote wawili nikamwoneshe.

Mimi ni mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki hapa Butembo, mashariki mwa Kongo. Mara mbili kwa mwaka nilikuwa nashuka mpaka Mombasa kufuata mzigo. Niliporudi safari ya kwanza, watoto walinizunguka wakauliza bahari ikoje. Ningewaambia nini? Kwamba nilikaa siku nne kwenye benchi la wakala wa forodha, nikalala katika chumba kisicho na dirisha, nikapanda basi nikarudi? Maji niliyaona mara moja tu, chini ya daraja, kupitia kioo cha basi. Basi nikasema nimeoga baharini. Safari ya pili nikaongeza kaa aliyeniuma kidole. Ya tatu, wimbi lililoninyang'anya kandambili. Mke wangu alisikiliza huku anachambua maharagwe. Waliosema mdomo huponza kichwa walinijua.

Kwetu mtu havuki mpaka kwenda kuangalia. Mnande, mtu wa kabila letu, anavuka kufuata mali, na akirudi mikono mitupu majirani wanamuuliza kama ameibiwa. Ndiyo maana sikuwahi kufika ufukweni: siku ya kupumzika niliiona ni siku ya kutupa. Lakini kuwa mtu wa aina hiyo kuliniudhi, na mbele ya watoto nilitaka kuwa mwingine.

Mwaka ule shule anakofundisha mke wangu ilifungwa, na duka langu lilibaki na rafu tupu. Asubuhi moja akaweka chai mezani akasema:

"Papa, masomo imefungwa, magazini yako haina kitu. Twende sasa. Utanionesha ile fasi, pale unaogaka."

"Lakini mupaka umefungwa, Mama."

"Itafunguka. Tutengeneze safari."

Nikakubali haraka, kwa sababu niliutegemea mpaka. Na tangu siku hiyo sikukaa kitako. Alfajiri redio, mchana simu. Kwenye kundi la wasafirishaji leo walisema malori yanapita, watu hapana. Kesho watu wenye kipimo. Keshokutwa hakuna kitu. Wakisema umefungwa, napumua. Wakisema utafunguliwa, natoka nje, nazunguka nyumba, narudi. Yeye alikwenda sokoni akanunua kofia pana ya ukili, akaitundika kwenye msumari wa mlangoni. Nikawa siingii wala sitoki bila kuiona.

Mbaya zaidi, Jumapili alisimama kanisani akaomba sala ya safari. Ibada ilipokwisha kina mama wakatufuata na maagizo: huyu kitambaa cha bazini, yule sufuria, mwingine chupa ya maji ya bahari kwa ajili ya ngozi ya mjukuu. Wote akawajibu kwamba hatubebi kitu, tunaenda kupumzika tu. Waliniangalia mimi kwa huruma, kama mtu aliyefilisika.

Kisha habari ikaja kwamba wenye karatasi ya kipimo wanavuka mpaka wa Uganda pale Kasindi. Tukapanda gari kwenda Beni kupimwa, tukafikia kwa mdogo wake anayeishi mtaa wa Mulekera. Njiani kila kizuizi tulishuka, tukanawa maji ya klorini, tukapimwa joto kwenye paji la uso. Ebola ilikuwa imetuzoesha mambo hayo. Watu walinyoosha mikono kabla ya kuambiwa. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo wanikute na homa.

Kwenye ofisi ya vipimo, dada mmoja aliyekaa nyuma ya plastiki alituuliza sababu ya safari.

"Kuangalia bahari," mke wangu alisema.

Yule dada akainua macho. "Mama, hapa kuko commerçant, chauffeur wa lori na mugonjwa. Kuangalia haiko."

"Andika commerçant," nikasema upesi, kwani mfanyabiashara ndiyo kazi yangu. "Si kitu."

"Hapana," mke wangu akasema. "Miye niko mwalimu. Naenda kupumzika na bwana yangu. Sitaki kusema bongo."

Bongo, kwetu, ni uongo. Aliisema bila kunitazama, na masikio yangu yakawaka moto. Dada akatabasamu, akaandika maneno yake pembeni mwa karatasi, mahali pasipo na mstari.

Tulingoja majibu siku nyingi kuliko tulivyoambiwa. Nilipima ua wa shemeji yangu kwa miguu, kutoka kwenye mkakao mpaka kwenye choo, kutoka chooni mpaka kwenye mkakao, hadi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Karatasi zilipotoka, hatukuwa na ugonjwa, lakini muda wake wa kutumika ulikuwa umekwisha zikiwa bado ofisini. Na hata zingekuwa mbichi, dada alisema, Kasindi wanapitisha wenye mizigo peke yao.

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi hadi nikataka kununua soda. Nikarudi Mulekera nikiwa na maneno ya pole tayari mdomoni, nikamkuta mke wangu ameketi kitandani, kofia mapajani, analia. Huyu ni mwanamke aliyezika wazazi wake wote wawili na kusimamia chakula cha wageni bila kutetereka. Sikujua kwamba bahari ilikuwa kitu kikubwa hivyo kwake. Nikajichukia.

"Twende Kyavinyonge," nikasema. "Ni ziwa tu, lakini maji ni mengi."

Tulifika huko wiki iliyofuata, asubuhi, mitumbwi ikirudi na wachuuzi wa kike wakigombania tilapia. Mke wangu alivaa kofia yake, akavua viatu, akapandisha kitenge na kuingia majini mpaka magotini. Mvuvi aliyekuwa anashona wavu alimwambia asiende mbali, viboko wako karibu. Mimi nilibaki pakavu, viatu miguuni.

"Kuja, Papa! Weye umezoea."

Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia hatua tatu. Wimbi dogo likaja likanipiga magotini, likarudi nyuma, mchanga ukakimbia chini ya nyayo zangu, nami nikapiga kelele na kumkamata mkono. Alicheka sana. Yule mvuvi pia alicheka. Na mimi, nikiwa bado nimemshikilia, nikasema:

"Mama, miye siyaogaka kwa bahari. Hata siku moja."

"Najua," akasema, macho yakiwa kwenye maji.

"Tangu lini?"

"Tangu safari ya kwanza. Miye njo nafulaka nguo zako kila ukirudi. Miaka kumi na ine, hata chembe moja ya muchanga kwa mufuko."

Nilitafuta pa kuangalia. "Sasa, kama ulijua, juu ya nini ulitaka nikuoneshe?"

"Unioneshe nini, na hauijue? Nilitaka tuione siku moja, sisi bawili. Kusikuwe mwenye kumwelezea mwenzake."

Tulinunua samaki, tukarudi Butembo tumebanana juu ya pikipiki moja nyuma ya dereva, yeye katikati, kofia ameikumbatia isipeperuke.

Kesho yake aliniita uani. Alikuwa amefua suruali yangu na kumwaga maji ya beseni taratibu, na chini ulibaki mchanga, kiasi cha nusu kijiko. Alinionesha tu, akaendelea na mashati.

Alfajiri iliyofuata niliwasha redio kabla hajaamka. Walisema mpaka bado umefungwa. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, nilikasirika.