Idi ya Kukaa Kitako

Enzi zile mafuta yalipoimwagia Riyadh neema, sisi watoto wa Kizanzibari wa mtaa wa Shumaisi tulikuwa na adhabu ambayo vijana wa leo wangeiita starehe: kukaa kitako na kunyamaza. Tulikaa ghorofani, na chini yetu ilikuwa karakana aliyofanyia kazi Baba. Harufu ya mafuta ya kukatia chuma ilipanda ngazi ikachanganyika na hiliki ya Mama, hata leo nikipita penye gereji njaa hunishika.

Baba alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Kutwa alichonga vipuri vya pampu, lakini mapenzi yake yalikuwa bunduki za shabaha, alizowaundia kafili wake, Mwarabu aliyemdhamini na kumwajiri, na marafiki wa kafili, kila moja kwa kipimo cha mwenyewe. Kafili alikuwa na kitambi, basi na kitambi nacho kilipimwa.

Kazi aliyoiogopa zaidi ilikuwa mdomo wa mtutu. Hapo, akituambia, ndipo risasi inapoagana na bunduki; pakiwa na mkwaruzo mdogo tu, inakwenda kombo. Akifika kwenye mkato wa mwisho aligonga bomba la maji kwa spana, na juu sote tukaganda, maana sakafu ikitikisika kisu cha mashine nacho hutikisika. Kamba ya kuruka ikawekwa chini. Mdako ukasimama, kete ikadakwa na isirushwe tena. Mama mwenyewe aliacha kukuna nazi. "Mtoto kutulia ndo utu," alikuwa akisema, na sisi tulikuwa watu mpaka miguu ikafa ganzi.

Mwaka mmoja Idi ilipokaribia, Bibi mzaa Baba akaja kutoka Jeddah na kinu chake. Kinu kilikaa kwenye teksi kama abiria, na ami yangu aliyemsindikiza akabanwa mlangoni njia nzima. Kwa Bibi, Idi bila bokoboko haikuwa Idi, na bokoboko la ngano isiyotwangwa lilikuwa uji wa wagonjwa.

Wakati huohuo Baba alikuwa anamalizia bunduki ya kafili, ya mashindano ya Idi pili. Kafili alikuwa amesema waziwazi: hii ikiharibika, kazi ya bunduki inafungwa, na Baba anapelekwa Jeddah kwenye pampu za bandarini, akae kambi ya wafanyakazi isiyoruhusu mke wala mtoto. Mama alilijua hilo na alikonda. Bibi hakuna aliyemwambia, maana mgeni hapokewi kwa habari mbaya.

Alasiri ya siku ya mwisho ya Ramadhani, bomba likagongwa. Tukaganda. Bibi akaendelea kutwanga.

"Mama, tafadhali, anakata mdomo," Mama akamnong'oneza.

"Mashine gani hiyo isiyostahamili ngano? Idi itaningoja mie?"

Mchi ukashuka, sakafu ikaitikia.

Baba akapanda na mtutu umefungwa kitambaa. Hakupaza sauti, nani atamgombeza mama yake? Alisema tu, "Mama, umenitwangia kazi yangu." Mdomoni mwa mtutu mlikuwa na mikwaruzo midogo, ya kuonekana ukiinamisha kwenye mwanga. Mdomo ungeweza kukatwa upya, akasema, lakini kwa taratibu mno, na siku iliyobaki ni ya Idi yenyewe. Ndipo akamweleza habari ya kambi.

"Na hawa watoto watabaki na nani?" Bibi akauliza. Akachukua mchi, akausimamisha nyuma ya mlango.

Basi Idi ile tulikaa mkekani na nguo mpya zinatuwasha shingoni, pipi mdomoni, marufuku kuzitafuna. Bibi aliketi kileleni pa ngazi na upepeo. Kila aliyekuja kutoa mkono wa Idi aliamriwa, "Vua viatu. Kaa. Usipumue kwa nguvu." Nakumbuka bwana mmoja mnene wa kutoka mtaa wa Malaz alikalishwa baina yetu watoto, jasho likimtoka, akiogopa hata kukohoa. Mimi niliogopa jambo jingine: kwamba Idi ijayo Baba hatakuwepo.

Mashine ikanyamaza. Baba akatokea ngazini, akatutazama tulivyopangwa, akasema, "Halas, nimemaliza. Rukeni!"

Nyumba ilitikisika siku ile! Bibi akakunja kanga akaruka kamba pamoja nasi, na yule mnene akashika ncha moja. Baba aliegemea ukuta, anacheka na machozi yanamtoka. Kafili alishika nafasi ya ngapi, sikumbuki wala sikujali. Ikama ya Baba, kibali chake cha kuishi, ilibaki ya Riyadh, na usiku kwa usiku alikula nasi.

Leo nakaa Jeddah na mwanangu, kila chumba na kiyoyozi chake. Wajukuu wangu wametulia bila kugongewa bomba; Baba angewapata hawa, angekereza mitutu kumi kabla ya adhuhuri. Lakini sisi tulitulia kwa ajili ya mtu, na tulijua akiondoka nyumba itakuwaje. Juzi nilitoka baada ya alasiri kumtazama jirani mgonjwa, nikakaa huko mpaka Isha. Niliporudi, nimesimama mlangoni na ufunguo mkononi, mjukuu wangu akainua macho kutoka kwenye simu.

"Bibi, unakwenda wapi?"