Mabizimu Yaliyozikwa Zizini

Kwa heshima na taadhima, wakazi wa Kalangalala mnatangaziwa kwamba mabibi wa Kiviking, waliofariki kule Ulaya ya baridi kabla Geita haijaitwa Geita, sasa wanavalishwa na mwenzenu Mektilda Ngassa, yule wa nyuma ya mashine ya kusaga. Atakayecheka na acheke sasa hivi, kisha atulie.

Mektilda anatengeneza mabizimu ya shaba: pini kubwa za begani, umbo la yai, mgongo kama wa kobe, mawili mawili. Wateja wake ni wanawake wa huko wanaokutana kila kiangazi kwenye mahema, wamevaa kama bibi zao wa kale. Umeme wao haukatiki, lakini wanakwenda kupuliza kuni kwa hiari. Mektilda hawashangai. Anayeyusha koki mbovu na makufuli yaliyokufa, anamimina kwenye kalibu ya udongo, kama alivyofundishwa na mjomba wake Otmar, mtengeneza misalaba ya shingoni kule Ushirombo.

Shida ni kwamba bizimu jipya linang'aa, na mteja anataka lililochakaa. Geita nzima inahangaika kitu king'ae. Yeye peke yake anahangaika kififie. Dawa iko Samuye, zizini kwa marehemu mama yake. Anayazika kwenye samadi iliyolowa mkojo wa ng'ombe, na yanatoka na ukijani wa watu waliokufa zamani sana.

Msimu huu mdogo wake Maduhu, aliyebaki pale nyumbani, akapiga simu: anauza ng'ombe waliosalia, zizi analilima, anapanda mahindi. Mektilda akapanda basi siku hiyohiyo. Kukosa samadi ya kazi kungemuuma, ndiyo, ila kikubwa ni kwamba nyumba ya mama ilishaanguka. Kilichobaki cha mama ni zizi: magogo yaleyale, na harufu ileile ya asubuhi alipokuwa akikamua huku akimkemea ng'ombe kwa Kisukuma kama anamkemea mkwe.

Akaingia zizini, akachimba pale alipozika. Hakuna kitu.

"Maduhu, vitu vyangu viko wapi?"

"Shikamoo kwanza, dada."

"Marahaba. Viko wapi?"

Maduhu akatazama huku na huku, akamvuta ndani ya nyumba yake, akafunga mlango. Akatoa furushi chini ya kitanda.

"Nilikuwa najaribu ardhi kwa jembe," akanong'ona. "Mali ya Mjerumani, dada. Aliizika akikimbia vita. Nimeisugua kwa majivu na ndimu mpaka imekubali."

Mabizimu yalikuwa yanawaka kama upara wa askofu.

"Huyo Mjerumani ni mimi," Mektilda akasema.

Vumilia, mke wa Maduhu, alicheka mpaka akakaa chini. "Na mimi nimenyimwa usingizi, mtu analinda kitanda."

Mektilda hakucheka. Alikuwa ameshika kile kitambaa cha furushi. Kilikuwa kaniki ya mama, iliyotolewa sandukuni. Akaikunjua, akamvika Vumilia, akabana bizimu bega hili na bega lile. Mama, waliyemwita mayu, alibana hivyohivyo kwa pini mbili za dukani, shanga zikipita katikati, na kwenye pini ya kulia alitundika ufunguo wa sanduku na sindano ya kutolea miiba. Kabla hujamwona, ulisikia ufunguo ukigonga sindano. Na wale wa Ulaya, eti nao hutundika funguo na sindano palepale.

"Geuka kidogo," Maduhu akamwambia mkewe.

Vumilia akageuka. Maduhu akakohoa bila kikohozi.

"Mayu alikuwa ananikalisha kwenye lile gogo la mlango wa zizi," akasema. "Nalia hata sindano haijanigusa."

"Ulikuwa unalia ukimwona tu anakuja," dada yake akasema. "Sasa zizi unalilima lini?"

"Nilime wapi? Ng'ombe watalala kitandani kwangu?"

Akachukua jembe, akachimba shimo mwenyewe, akayarudisha mabizimu yakaanze uzee upya.

Mektilda aliporudi Kalangalala, mimi mtangazaji wenu nilimwuliza, kwa sauti ya kutosha jukwaa, anajisikiaje kuwaunganisha mabibi wa theluji na mayu wa Samuye, bega kwa bega, kupita bahari na karne zote hizo.

"Ni pini," akasema. "Nguo isidondoke."