Rambo la Maji ya Mkaratusi

Juzi nilirudi Nyakitonto, nikapitia kwenye chemchemi kabla hata ya kufika nyumbani. Usinishangae. Mtu aliyekuzwa Kasulu kwa maharage ya mawese na ndoo kichwani huanzia pale alipokuwa akichota maji.

Nilipokuwa darasa la tano chemchemi ile ilianza kutukaukia. Kiangazi tulipanga ndoo tangu alfajiri, tukakinga kwa kikombe, na ikigoma kabisa tulishuka hadi mtoni, mwendo wa kumliza mtoto. Bibi alimjua mchawi wetu: mikaratusi ambayo jirani aliipanda juu ya chemchemi, akiitegemea impatie bati la nyumba. "Miti hii inakunywa," alisema bibi. Jirani akacheka. Tangu lini mti ukawa na koo?

Basi mwalimu wa sayansi akatufundisha kwamba mizizi hufyonza maji na majani huyatoa hewani, yakiwa mvuke tusiouona. Akatutuma tukafunge mfuko wa rambo kwenye tawi lenye majani. Unadhani mimi nilifunga wapi? Asubuhi nililifunga kwenye mkaratusi wa jirani, na jioni rambo lilikuwa limelowa jasho ndani, maji yamejikusanya kwenye kona, funda zima.

Nikampelekea bibi. Aliyamimina kwenye kikombe kilekile cha chemchemi, akakibeba kwa mikono miwili, kama anayepeleka pombe ukweni, hadi kwa jirani aliyekuwa anakula.

"Shushia na haya, mwanangu. Ni ya tawi moja tu."

Jirani alikitazama kikombe, akaitazama miti yake kule juu, yote. Kisha akanywa.

"Yananuka dawa ya kifua," akasema. "Lakini ni maji yako, mama."

Mikaratusi ilikuwa haijafikia unene wa kuuzwa. Aliikata hivyohivyo, akapanda mivumu, miti ambayo wazee wetu waliiacha ilinde chemchemi tangu zamani. Bati lilichelewa miaka.

Sasa mivumu imetanda, maji yanatiririka, na hakuna foleni kwa sababu bomba limefika. Marambo yalipigwa marufuku. Bibi na jirani wote wametangulia. Niliwakumbuka, nikafurahi peke yangu pale kivulini. Nikakinga viganja, nikanywa. Yalikuwa matamu, baridi, hayana harufu yoyote, na nikwambie ukweli, niliitafuta ile ya dawa ya kifua.