Difu ya Mlima

Mume wangu huendesha, mimi husoma. Hivyo ndivyo tulivyogawana kazi tangu tuanze mbio za magari: yeye kwenye usukani, mimi kushoto kwake na maelezo ya njia mapajani, nikimtajia kona kabla hajaiona. Nje ya gari pia tuna mgawanyo wetu. Yeye hushika spana, na mimi ndiye ninayechagua gia.

Watu hudhani kazi hiyo ni ya mwanamume mwenye grisi hadi viwikoni. Kwetu hufanywa na mwanamke wa ofisi ya bima katikati ya jiji, saa ya chakula cha mchana, chipsi zikipoa na simu ikiwa imefunguliwa kwenye kikokotoo. Hesabu yenyewe si ngumu. Kwenye ekseli ya nyuma kuna difu, na ndani yake kuna meno yanayoamua propela, ule mhimili unaotoka kwenye giaboksi, izunguke mara ngapi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ikizunguka mara nne na kidogo, gari huchelewa kuchangamka, lakini likishachanganya mwendo halishikiki. Ikizunguka karibu mara tano, gari hupanda mlima bila kulalamika, ila kwenye tambarare huishiwa mapema. Injini hupiga kelele na mwendo hauongezeki. Ukishachagua difu, unapanga gia za giaboksi ziifuate, zisiachane sana wala zisibanane. Fundi wetu yuko Dagoretti, karibu na machinjio kiasi kwamba mbwa wote wa mtaa huo ni wanene. Yeye huziita difu ya tambarare na difu ya mlima, nasi tunazo zote mbili.

Mwaka jana tulipinduka. Kulikuwa na jiwe, kisha mtaro, kisha mbingu ikaja upande wa dirisha langu. Mimi nilizimia na kuvunjika mtulinga. Yeye alitoka bila mkwaruzo.

Basi nikawa mgonjwa rasmi. Kina mama wa kanisa walikuja nyumbani Kinoo na unga, sukari, mafuta ya kupikia na maziwa, kama ilivyo desturi yetu. Wakaimba, wakanizunguka, wakaweka mikono juu ya bega langu. Mmoja alilibonyeza hasa, Mungu amsamehe. Wakaomba niondolewe roho ya woga. Chai aliipika mume wangu. Alizunguka na thermos akijaza vikombe, na hakuna aliyemwambia aketi. Alipomaliza alikwenda jikoni kuosha vyombo, huku sebuleni nikiendelea kuombewa.

Walipokuwa wakiondoka, mama mkwe aliniinamia. "Usijilazimishe kurudi kwa hiyo gari, mama. Hata ukiogopa, hakuna mtu atakucheka."

Nikamwambia siogopi. Akanipapasa shavu jinsi unavyompapasa mtoto anayesema hana usingizi.

Na kweli sikuwa naogopa. Nilikuwa na hasira. Nilitaka turudi barabarani, tena kwa kasi, nikajionee mwenyewe kwamba yale hayakutumaliza.

Bega likapona, gari likanyooshwa. Mashindano yetu ya kwanza tangu ajali yangekuwa kwenye nyanda za kusini, barabara ndefu zilizonyooka na vumbi la kumtosha kila mtu. Nilipiga hesabu zangu, nikamwambia fundi aweke difu ya tambarare. Mume wangu akasema, "Sawa, Navi." Ananiita hivyo kwa kuwa mimi ni navigeta wake, na huniita hivyo hata mbele ya mchungaji.

Jumapili moja baada ya ibada tulilitoa gari kulijaribu kwenye barabara ya vumbi nyuma ya Kinoo. Ilipoingia gia ya tatu, nikajua. Mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa juu kuliko hesabu zangu, na gari lilirukia mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Tulipofika nyumbani tu, nikampigia fundi.

"Umeweka difu gani?"

"Ya mlima, madam. Si mzee wako aliniambia umebadilisha mawazo? Alisema bado unaogopa kidogo, tusikupush."

Nilikata simu bila kuaga. Hasira zangu ziko karibu, hilo silifichi. Nikatoka nje, nikamwambia mume wangu apige jeki magurudumu yote mawili ya nyuma. Hakuuliza kwa nini. Nilichora mstari wa chaki kwenye tairi, na mwingine kwenye propela, kisha nikatandika gunia na kulala chini ya gari na nguo zangu za kanisa.

"Zungusha tairi pole pole. Mara moja tu."

Akazungusha. Mstari wa propela ukapita mbele ya macho yangu: moja, mbili, tatu, nne, ikakaribia tano.

"Hesabu nimepata," nikasema. "Sasa niambie, nani anaogopa?"

Kutoka pale chini niliona viatu vyake tu, na mikono yake ikiwa bado imeshika tairi.

"Ni mimi, Navi. Wewe ulizima, hukuona. Nilikaa hapo nikikuita na hujibu. Tangu hiyo siku nikifikiria gia ya tano, mguu inatetemeka. Nikasema kama gari yenyewe haiwezi kwenda, hakuna mtu atajua ni mimi siwezi."

"Ndio ukasema ni mimi?"

"Kila mtu alikuwa ashasema ni wewe."

Nilijikokota kutoka chini ya gari nikiwa nimejiandaa kumpa maneno yake, nikauona uso wake, nikamhurumia. Nilikumbuka ile thermos. Sebule nzima iliombea woga uondoke, na mwenye woga alikuwa jikoni anasuuza vikombe.

"Difu ya mlima ikae," nikamwambia. "Lakini gia nazipanga upya mimi. Na fundi unampigia wewe, umwambie ukweli."

Alimpigia palepale, akiwa amesimama kando yangu. Fundi alisikiliza, akasema tu, "Sawa mzee, leta gari kesho."

Nilizileta gia ya pili, ya tatu na ya nne karibu zaidi ili asikose nguvu kwenye kona. Ya tano niliiacha ilivyokuwa. Akiitaka ataikuta, asipoitaka si lazima.

Siku ya mashindano tulipofika kwenye barabara ndefu iliyonyooka, injini ililia kwenye gia ya nne mpaka mwisho wa uwezo wake. Magari yakatokea nyuma yetu na kutupita moja baada ya jingine. Nililichukia kila moja. Sipendi kupitwa, hata na ambulansi. Lakini niliendelea kusoma kwa sauti ileile, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeishika gia na hauendi popote. Kisha ukasogea, akaingiza ya tano. Nilitupa jicho kwenye mguu wake. Ulikuwa ukitetemeka, lakini haukutoka kwenye pedali ya mafuta.

Tulimaliza karibu na mkia. Fundi alitukumbatia kana kwamba tumeshinda.

Tangu hapo tumeshindana mara kadhaa na difu ya mlima, na kila mara tumepitwa kwenye tambarare. Sijawahi kumtajia ile nyingine. Niliifunga kwenye gunia, nikaiweka chini ya sinki nyuma ya ndoo, na mara kwa mara nikawa naipaka grisi isishike kutu.

Jumamosi iliyopita alikuwa uani akinawa mikono kwa sabuni ya unga. Bila kuniangalia, akaniuliza, "Navi, ile difu ya tambarare uliiweka wapi?"

Nilimwambia sikumbuki, wacha niangalie. Nikaingia jikoni, nikasimama mbele ya sinki mpaka machozi yakanikauka, kisha nikainama na kuivuta kutoka nyuma ya ndoo. Kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshakuja kunipokea, mikono ikiwa bado na povu, kwa sababu ni nzito na analijua bega langu.