Upande wa Cherehani

Fundi makochi huyu walimwita Misumari, kwa sababu akiwa kazini hujaza misumari midogo mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, na bado akaweza kubishana na wateja. Na kubishana, jamani, alikujulia! Asubuhi ya siku hiyo tu mama mmoja alimjia juu: mito ya kochi lake la mahameli, miwili imeiva, mmoja umepauka, fundi umenibadilishia kitambaa. Misumari akauchomoa ule mto, akaugeuza juu chini, akaurudisha. Rangi zikawa moja. "Kitambaa ni kile kile, mama. Manyoya yake tu yalikuwa yamelalia kule, mwanga ukayapausha." Mteja akanywea, na fundi akajiona bingwa.

Mchana akaenda kwa dada yake kuchukua zulia la marehemu mama yao.

Lilikuwa la sufu tupu, limefumwa kwa mkono na wanawake wa kabila la bibi yao, wafugaji, enzi hizo hata mama mwenyewe hajazaliwa. Misumari alikulia juu yake. Utoto wake wote alikaa miguuni pa mama penye cherehani, akiwapapasa kondoo waliofumwa katikati. Mmoja alikuwa na miguu mitatu. Mfumaji sijui alipitiwa, sijui alichoka. Na wekundu wa zulia lile! Uliiva hadi ukakaribia weusi. Misumari aliondoka nyumbani kijana, akahangaika katika miji ya watu miaka na miaka, na kila alipomkumbuka mama, wekundu ule ndio uliomjia kwanza.

Sasa anasukuma mlango wa dada yake, analikuta limetandikwa toka mlangoni mpaka dirishani, kama lilivyokuwa kwa mama, na wekundu hauonekani. Limefifia kama shuka iliyosahauliwa juani.

"Dada, hili zulia gani?"

"La mama. Ulitaka la nani?"

"La mama lilikuwa jekundu, limeiva!"

"Lilikuwa hivi hivi. Umeanza kuzeeka, mdogo wangu."

Misumari akainama. Kondoo wa miguu mitatu huyu hapa. Alama ya pasi aliyoiunguza mwenyewe utotoni, hii hapa. Kila kitu kipo, rangi haipo! Limefuliwa kwa dawa? Au kuna mtu kafuma jingine, akaiga mpaka alama ya pasi? Nani mwenye wazimu wa namna hiyo? Akatazama zulia, akamtazama dada, akatazama zulia tena. Hakuelewa kitu, na mdomo ukamponza.

"Umeliuza. Umeliuza la mama, ukanitafutia hili la kunizuga."

Dada alikuwa anakunja nguo. Akaziachia zikaanguka.

"Mimi? Mikono hii ilimwogesha mama mpaka alipokata roho, wewe uko huko kwa makochi yako, leo unaniita mwizi? Libebe zulia lako uondoke. Na kuanzia leo usinijue, nami sikujui."

Walikuwa wamebaki wawili tu katika ukoo ule. Misumari akaingiwa na hofu. Dada yake hakuwa mwongo, tangu lini? Na yeye hakuwa kipofu. Akajikokota hadi dirishani ilikowekwa cherehani ya mama, akaketi chini na kujishika kichwa. Alipoinua uso, zulia lilikuwa jekundu.

Akafumba macho, akafumbua. Jekundu, limeiva hadi karibu na weusi. Akalipitishia kiganja. Manyoya ya sufu yote yalikuwa yamelalia upande mmoja. Loo! Bingwa wa mahameli huyo! Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Dada, njoo uone."

"Siji."

"Nimekukosea, dada. Nakuomba, njoo."

Akaja, akaketi kando yake kwa shingo upande, akatazama.

"Kumbe," akasema. "Kumbe huku lilikuwa hivi."

"Miaka yote ile hukuwahi kukaa huku?"

"Nikae saa ngapi? Wateja wa mama nani angewafungulia? Sufuria nani angeichungulia? Mimi kikao changu kilikuwa pale mlangoni. Huku nilikuja na ufagio, naangalia taka."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anayekueleza sukari iko wapi.

Hodi ikabishwa mlangoni. Dada, kwa mazoea, akaweka mkono sakafuni ainuke.

"Kaa hapo hapo," Misumari akamwambia. "Nafungua mimi."

Alipofika mlangoni akageuka nyuma. Zulia lilikuwa limepauka, na dada yake ameketi kule mbali, penye cherehani.